Dialisisi ya mashine, ya tumbo au ya saa nyingi: ulinganisho kwa kuangalia mishipa ya fahamu

Mgonjwa anayeelezwa kwamba figo zake zimefika hatua ya mwisho huambiwa mambo mengi kwa mkupuo: siku za kusafishwa damu, mahali utakapowekwa mrija, vyakula vya kupunguza na kiasi cha maji ya kunywa. Mishipa ya fahamu, yaani neva, hutajwa kwa nadra, ilhali ndiyo inayoamua kama ataendelea kuhisi ardhi anapotembea, kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe na kulala bila nyayo kuwaka moto. Makala haya yanazilinganisha njia tatu za dialisisi, yaani kusafisha damu pale figo zinaposhindwa, kwa kuangalia neva peke yake: dialisisi ya mashine inayofanyika mara tatu kwa wiki kwa takribani saa nne kila mara, dialisisi ya tumbo inayotumia utando wa ndani ya tumbo kama chujio, na dialisisi ya mashine iliyoongezwa muda, ama kwa kulala nayo usiku ama kwa kuifanya siku nyingi zaidi za wiki. Gharama, umbali na hali ya nyumbani vina uzito wake, lakini hayo mgonjwa na familia yake huyajua vizuri kuliko mwandishi yeyote.

Kinachotokea kwenye neva figo zinaposhindwa

Uharibifu huanzia kwenye vidole vya miguu, pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu nyuzi ndefu kuliko zote ndizo zinazodhurika kwanza. Mgonjwa huhisi ganzi, mchomo kama wa sindano, joto la nyayo, kubanwa kwa misuli ya shavu la mguu, au hamu isiyozuilika ya kuchezesha miguu anapojilaza. Baadaye hali hupanda kuelekea magotini, na mikono hufuata. Kabla ya hayo yote, daktari anayepima kwa uma wa sauti wa hezi 128 anaweza kukuta kwamba kidole gumba cha mguu hakihisi tena mtetemo, na kwamba kano ya kisigino ikigongwa, mguu haushtuki kama inavyotakiwa. Mwaka 1963 Asbury, Victor na Adams walieleza kwa kina kilichoonekana katika tishu za wagonjwa wa aina hii: uzi wa neva hunyauka kuanzia kwenye ncha yake, na ala inayouzunguka huharibika kwa kufuata uzi huo.

Kwa kawaida hali hii hujitokeza uchujaji wa figo unaposhuka hadi karibu na mililita 12 kwa dakika au chini ya hapo. Neva zikipimwa kwa umeme, zaidi ya nusu ya watu walio kwenye dialisisi hukutwa na kasoro, na wengi miongoni mwao hawajawahi kulalamika kuhusu miguu.

Sababu mbili hutajwa zaidi, na zote mbili zinahusu uchaguzi wa njia. Ya kwanza ilizaliwa Seattle, Marekani, ambako Belding Scribner alianza mwaka 1960 kutumia mrija uliowezesha mtu kusafishwa damu tena na tena kwa miaka. Baadhi ya wagonjwa wa mwanzo, waliosafishwa kwa saa chache mno, walipata udhaifu mkubwa wa miguu, na kuongezewa saa kuliwasaidia. Kisha likaonekana jambo la kushangaza, kwamba waliotumia dialisisi ya tumbo walikuwa na urea nyingi zaidi katika damu lakini shida chache za neva. Likazuka wazo kwamba kinachodhuru neva si urea, ambayo ni molekuli ndogo ya daltoni 60 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), bali ni molekuli za ukubwa wa kati, ambazo chujio za mashine za wakati huo hazikuzipitisha vizuri na utando wa tumbo ulizipitisha. Sababu ya pili ni ya karibuni zaidi. Watafiti wa Sydney, Australia, walionyesha kwamba kabla ya kipindi cha dialisisi utando wa neva huwa katika hali isiyo ya kawaida ya umeme inayoendana na kiwango cha potasiamu katika damu, na kwamba baada ya kipindi hali hiyo hurudi karibu na ya kawaida. Kwa maelezo haya, neva inayoishi siku nyingi ndani ya potasiamu nyingi huchoka na hatimaye hufa.

Sioni sababu ya kumtaka mgonjwa achague upande katika mjadala huo. Maelezo yote mawili yanadai jambo lilelile: damu isafishwe vya kutosha, na viwango vya vilivyomo ndani yake visiachwe vipande na kushuka kupita kiasi. Pia ni vizuri kuweka matarajio mahali pake mapema. Dialisisi ya kutosha, ya aina yoyote, kwa wengi huzuia uharibifu usiendelee. Ni mara chache inarudisha hisia zilizokwisha kupotea. Tafiti zilizoweka dialisisi ya mashine kando ya ile ya tumbo kwa kupima neva hazikutoa jibu moja.

Vigezo

Nitatumia vigezo vitano: uondoaji wa molekuli za kati, uthabiti wa potasiamu, kudumu kwa mkojo uliobaki, athari kwa mikono na kwa neva zinazoendesha shinikizo la damu, na mwisho sukari na vitamini. Havina uzito sawa. Kwa maoni yangu kile cha mkojo uliobaki hupuuzwa zaidi kuliko vyote, ingawa kwa mgonjwa anayeanza kinaweza kuwa ndicho kikubwa.

Molekuli za kati

Dialisisi ya mashine ya kawaida huondoa urea kwa kasi kubwa, lakini wiki ina saa 168 na mashine hufanya kazi saa 12 tu kati ya hizo. Molekuli kubwa hutoka taratibu kwenye tishu kuingia kwenye damu, hivyo hata chujio bora haliwezi kuondoa kile ambacho hakijafika kwenye damu. Chujio za kisasa zenye vitundu vikubwa zimepunguza sana tofauti iliyoonekana miaka ya 1960, na hupitisha hata beta-2 mikroglobulini, protini yenye daltoni 11,800, ambayo zile za zamani hazikuipitisha vizuri. Anayetumia njia hii ana haki ya kuuliza ni chujio la aina gani linalowekwa kwenye mashine yake.

Dialisisi ya tumbo hufanya kazi pole pole lakini bila kupumzika. Kwa mkono, mgonjwa hubadilisha kiasi cha lita mbili za maji ya dialisisi karibu mara nne kwa siku. Kwa mashine ya usiku, mabadilisho hufanyika akiwa amelala. Usafishaji wa urea kwa wiki ni mdogo kuliko wa mashine, lakini molekuli za kati hupata muda wa kupita, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa pia na figo zenyewe pale zinapokuwa bado na uwezo kidogo.

Dialisisi iliyoongezwa muda inashughulikia tatizo la saa moja kwa moja, kwani mtu anayelala na mashine saa sita hadi nane huipa damu nafasi ya kupokea kinachotoka kwenye tishu. Jirani yake ni ile inayosukuma maji mengi kupitia kwenye chujio pamoja na uchafu, iitwayo hemodiafiltresheni, ambayo huondoa molekuli za kati vizuri hata ndani ya saa nne. Jaribio la CONVINCE lililochapishwa mwaka 2023, likiwa na wagonjwa 1,360, lilionyesha vifo vichache kwa waliopata njia hiyo kwa kiasi kikubwa cha maji. Matokeo hayo ni mazuri, lakini yalihusu uhai. Anayeyataja kama ushahidi wa kupona kwa neva anayavuta kupita yanapofika.

Potasiamu

Hapa ndipo njia hizi hutofautiana waziwazi. Kwa mashine mara tatu kwa wiki, potasiamu hupanda kati ya vipindi kisha hushushwa ndani ya saa nne, na kila wiki kuna pengo moja refu la siku mbili kamili bila dialisisi. Mgonjwa anayeona miguu ikiwa mizito zaidi mwishoni mwa pengo hilo, na nyepesi saa chache baada ya kipindi, hana budi kulisema hilo kliniki, kwa kuwa ni taarifa yenye maana. Mtaalamu wa lishe anaweza kusaidia sana, maana kupanda kwa potasiamu kunategemea pia chakula, haja kubwa isiyopatikana kwa siku kadhaa, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu.

Kwa dialisisi ya tumbo, kiwango hukaa karibu mahali pamoja siku zote. Tatizo linaloweza kutokea ni la upande wa pili: baadhi ya wagonjwa huishia na potasiamu ya chini, nayo huleta udhaifu wa misuli unaoweza kudhaniwa kuwa ni wa neva. Kwa wanaoongeza siku au saa za mashine, mawimbi hupungua na pengo refu hufutika au hufupishwa, mradi vipindi visiachwe.

Mkojo uliobaki

Figo iliyoshindwa mara nyingi bado hutoa mkojo kwa miezi au miaka, na mkojo huo hubeba molekuli ambazo mashine huhangaika nazo. Dialisisi ya mashine ya kawaida huelekea kuumaliza mapema, hasa shinikizo la damu likiwa linaanguka mara kwa mara wakati wa vipindi. Dialisisi ya tumbo kwa kawaida huuhifadhi muda mrefu zaidi, na hii ndiyo hoja yake yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa neva.

Kuhusu dialisisi ya saa nyingi, mtu angetarajia kwamba upole wake ungezilinda figo. Haikuwa hivyo. Katika majaribio ya Marekani na Kanada yaliyochunguza dialisisi ya mara kwa mara, waliofanya ya usiku siku nyingi kwa wiki walipoteza mkojo wao haraka zaidi kuliko wa ratiba ya kawaida. Kwa asiyekojoa tena, jambo hili halina uzito; kwa anayekojoa nusu lita au zaidi kwa siku, ni la kupimwa kwa makini kabla ya kubadili ratiba.

Mikono, na neva zinazoendesha shinikizo la damu

Njia zote mbili za mashine kwa kawaida huhitaji kuunganishwa kwa mshipa wa ateri na wa vena mkononi, yaani fistula. Kwa wengi hailetei neva madhara yoyote. Kwa wachache, damu huibwa na fistula kiasi kwamba kiganja hupoa na kuuma, na mara chache sana, hasa kwa mwenye kisukari aliyewekewa fistula karibu na kiwiko, neva za mkono hukosa damu ndani ya saa chache baada ya upasuaji. Maumivu makali, ganzi na udhaifu wa vidole mara tu baada ya fistula kuwekwa si ya kungojewa hadi kliniki ijayo. Daktari wa upasuaji aelezwe siku hiyohiyo.

Baada ya miaka mingi, beta-2 mikroglobulini hujirundika kwenye viungo na kubana neva ya kiganja, hivyo vidole vitatu vya upande wa gumba hufa ganzi, zaidi usiku. Hali hii hutokea kwa njia yoyote ya dialisisi ikidumu, ingawa chujio zenye vitundu vikubwa zimeifanya ipungue. Hutibiwa kwa upasuaji mdogo, na ni makosa kuichanganya na ganzi ya kawaida ya figo.

Dialisisi ya tumbo huiepusha mikono na fistula, lakini inaidai mikono hiyohiyo kazi nyingine. Kuunganisha mirija kwa usafi kila siku kunahitaji vidole vinavyohisi na macho yanayoona, na mwenye ganzi mkononi yumo katika hatari ya kuchafua kiungio na kupata maambukizi ya tumbo. Pale ambapo kuna mtu wa nyumbani aliyefunzwa, pingamizi hili huondoka.

Kuna pia neva zinazofanya kazi bila sisi kuziamuru: zinazobana mishipa ya damu tunaposimama, zinazoongeza mapigo ya moyo, zinazosukuma chakula tumboni, zinazohusika na nguvu za kiume. Zikidhurika, mashine inapovuta lita kadhaa za maji ndani ya saa nne mwili hushindwa kujirekebisha na shinikizo la damu huanguka. Mgonjwa huona giza, hutapika, kipindi hukatizwa kabla ya wakati, na damu haisafishwi ipasavyo. Kwa njia hiyo uharibifu wa neva huzaa dialisisi pungufu, nayo dialisisi pungufu huziharibu neva zaidi. Dialisisi ya tumbo huondoa maji kidogo kidogo na huvumilika vizuri na watu hawa, isipokuwa kwa wale ambao tumbo lao tayari linachelewa kutoa chakula, kwani lita mbili za maji huwaongezea kushiba na kichefuchefu. Dialisisi ya saa nyingi nayo huvuta maji taratibu, hivyo kuanguka kwa shinikizo hupungua.

Sukari na vitamini

Wengi wanaofikia hatua hii wana kisukari, nacho huharibu neva kwa njia yake chenyewe, dialisisi iwe nzuri namna gani. Maji ya kawaida ya dialisisi ya tumbo yana glukosi, na mwili unaweza kufyonza kati ya gramu 100 na 200 kwa siku. Hiyo ni sukari ambayo haikupita mdomoni lakini itaonekana kwenye damu na kwenye uzito. Yapo maji yenye aikodekstrini badala ya glukosi kwa lile badilisho linalokaa tumboni saa nyingi, na yanasaidia. Ila anayeyatumia ahakikishe kipimo chake cha sukari kinaendana nayo, kwa sababu baadhi ya vipimo husoma juu kuliko ukweli, na mtu aliyeshuka sukari akajidunga insulini zaidi yumo hatarini. Kwa upande wa mashine hatari huelekea chini: figo zilizoshindwa huchelewa kuondoa insulini mwilini, na sukari inaweza kushuka wakati wa kipindi au baada yake.

Njia zote tatu hupoteza vitamini zinazoyeyuka kwenye maji, hasa B1 na B6, na kadiri saa za dialisisi zinavyoongezeka ndivyo upotevu unavyoongezeka. Vidonge vinavyotolewa na kliniki vinatosha kwa wengi. Kujinunulia B6 kwa wingi kwa matumaini ya kuponya ganzi ni kosa, kwa kuwa B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva zilezile. Dialisisi ya tumbo hupoteza pia protini kila siku, na asiyekula vya kutosha hudhoofika misuli haraka.

Neno moja kuhusu dawa za maumivu ya neva, kwa kuwa lina madhara katika njia zote: gabapentini na pregabalini hutoka mwilini kupitia figo, hivyo dozi ya mtu mwenye figo nzima inaweza kumlaza mgonjwa wa dialisisi siku nzima au kumfanya atetemeke na kuchanganyikiwa. Dozi zao ni ndogo, na kwa wa mashine kwa kawaida humezwa baada ya kipindi. Miguu isiyotulia usiku nayo ichunguzwe kwanza kama kuna upungufu wa madini ya chuma, na kama mgonjwa anatumia metoklopramidi kwa kichefuchefu, kwani dawa hiyo huizidisha hali hiyo.

Kwa kila hali, pa kuanzia

Anayeanza sasa, bado anakojoa vizuri, mikono yake ina hisia na kisukari hana au kimedhibitiwa, ana sababu nzuri za kuanza na dialisisi ya tumbo. Itamtunzia mkojo na kumpa potasiamu tulivu katika miaka ile ambayo neva bado zina kitu cha kuokolewa.

Anayeishi peke yake, mwenye ganzi ya vidole au macho hafifu, au aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, yuko salama zaidi na mashine mara tatu kwa wiki chini ya wauguzi, akiomba chujio lenye vitundu vikubwa na akikataa kukatiwa dakika za mwisho za kipindi kwa sababu ya haraka tu. Njia hii humfaa pia anayehitaji kuonwa na wataalamu mara kwa mara.

Aliye kwenye mashine tayari na dalili zinapanda asikimbilie kubadili njia. Kwanza aulize kipimo cha usafishaji wake, kiitwacho Kt/V, ambacho kwa kila kipindi hakipaswi kuwa chini ya 1.2, kisha hali ya fistula, sukari, vitamini B12 na orodha nzima ya dawa, kwani isoniazidi, metronidazoli na kolchisini ni miongoni mwa zinazoweza kudhuru neva. Hayo yakiwa sawa na dalili zikiendelea, na hasa kama mkojo ulishakauka, kuongeza saa au kuhamia hemodiafiltresheni ni hatua yenye mantiki. Aliye kwenye dialisisi ya tumbo katika hali kama hiyo aanze na Kt/V ya wiki, ambayo lengo lake ni angalau 1.7, na apime upya kiasi cha mkojo, kwa sababu mara nyingi ni mkojo uliopungua bila mtu kutambua.

Mwenye kisukari ambaye shinikizo lake huanguka karibu kila kipindi anaweza kupata nafuu kwa njia mbili zinazokwenda taratibu, ya tumbo au ya saa nyingi. Sukari na uzito vikiwa vigumu kuvidhibiti, ya saa nyingi ina faida.

Anayefaa kupandikizwa figo asilichukulie hilo kama jambo la baadaye sana. Neva zisizoharibika mno huanza kuonyesha nafuu ndani ya miezi ya mwanzo baada ya upandikizaji, jambo ambalo dialisisi hulifanya kwa nadra, ilhali zilizokufa kabisa hubaki zilivyo. Takrolimasi, dawa inayozuia mwili kuikataa figo mpya, inaweza kuleta mtetemeko wa mikono, nao si ishara kwamba ugonjwa wa neva umerudi.

Udhaifu wa miguu unaopanda ndani ya saa au siku chache ni suala la dharura katika njia yoyote. Potasiamu iliyopanda sana inaweza kulegeza misuli na kusimamisha moyo, hivyo mgonjwa apelekwe hospitali wakati huohuo, hata kama kipindi chake ni kesho.

Na yeyote ambaye hajaamua bado aombe neva zipimwe kabla ya kuanza, kwa uma wa sauti na kwa uzi wa plastiki unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10 kwenye nyayo, na kwa umeme pale panapowezekana. Kipimo kirudiwe katika nafasi ileile ya ratiba ya dialisisi, kwa mfano daima kabla ya kipindi cha katikati ya wiki, maana neva iliyopimwa baada ya pengo refu na iliyopimwa saa moja baada ya mashine haziwezi kulinganishwa.